Nani na Nini

Vitabu vya kujifunzia lugha za kigeni vina ukurasa mmoja ambao haukosekani, nao ni ukurasa wa watu. Huja mapema, baada ya salamu na namba, kabla ya matunda na vyombo vya jikoni. Upande wa kushoto kuna maneno ya lugha moja, upande wa kulia ya lugha nyingine. Nasoma isimu, shahada ya uzamili, na mwaka huu nimepitia kurasa nyingi za namna hiyo. Mmoja ulikuwa wa Kiingereza na Kicheki. Man, muž. Woman, žena. Child, dítě. Person, člověk. Kicheki sikijui, lakini orodha kama hiyo huhitaji kujua lugha ili uielewe. Unaisoma kama unavyosoma majina kwenye ubao wa matokeo, ukitafuta unalolifahamu.

Kilichonivutia ni wingi. Kwa Kiingereza mmoja ni person, wengi kwa kawaida ni people. Kwa Kicheki mmoja ni člověk, wengi ni lidé. Katika lugha zote mbili mtu akiongezeka anabadilishiwa neno zima, kana kwamba umati umetengenezwa kwa kitu tofauti na mtu mmoja. Kisha nikageukia upande wetu. Mtu, watu. Kinachobadilika ni kiambishi tu, mzizi unabaki pale pale. Mimi ni mzaliwa wa Chala, kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, barabara ya kutoka Sumbawanga kwenda Namanyere, na Kifipa nacho kimejenga neno lake la mtu kwa mzizi huo huo, sawa na majirani zake Kimambwe na Kibemba, na mamia ya lugha nyingine hadi Afrika Kusini. Ni mzizi huo uliomfanya mwanaisimu Mjerumani Wilhelm Bleek, katika karne ya 19, azipe lugha hizi zote jina la Bantu. Kwa maneno mengine, jina la familia yetu ya lugha ni "watu".

Hapa ndipo mtu wa rika langu hushawishika kuandika sentensi ya kujisifu. Umeshaisikia kwenye makongamano, na huenda umeichapisha kwenye fulana. Wazungu wana mtu mmoja mmoja, sisi tuna utu, mtu kwetu ni mtu kwa sababu ya watu. Sitaki kuiandika. Sababu yangu ni kwamba nimekulia mahali ambapo neno mtu husemwa kila siku, kwa lafudhi nzuri, na bado kuna watu ambao neno hilo halikuwakinga.

Nchi yetu imeshuhudia watu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo, na Rukwa ni miongoni mwa mikoa iliyoguswa. Mauaji hayo yalipoanza kuripotiwa kwa wingi, miaka ya 2007 na 2008, lilisikika mitaani neno jipya la kumwita mtu wa namna hiyo akipita: "dili". Msemaji wake alikuwa anazungumza Kiswahili fasaha, chenye mtu, utu na binadamu ndani yake. Msamiati wote ulikuwepo. Hakuna hata neno moja kati ya hayo lililoinuka likamzuia.

Kwa hiyo swali langu si kama lugha yetu ina neno zuri la mtu. Inalo, na Kicheki kinalo, na Kiingereza kinalo. Swali ni hili: inakuwaje mtu anayejua neno mtu amtazame mwenzake aone kitu? Na je, lugha ina sehemu yoyote katika hilo, au inasingiziwa tu?

*

Tuanze na njia iliyo rahisi kuiona: kumwita mtu kwa kazi anayokufanyia.

Kuna neno moja la Kicheki ambalo wewe na mimi tunalitumia bila kujua tumekopa wapi. Mwaka 1920 mwandishi Karel Čapek aliandika tamthilia iitwayo R.U.R., kuhusu kiwanda kinachotengeneza viumbe wanaofanana na watu ili wafanye kazi badala ya watu. Alihitaji jina la viumbe hao, na kaka yake Josef, mchoraji, akampa: robot. Limetoka katika neno robota, ile kazi ya lazima ambayo mkulima alimfanyia bwana wake. Leo dunia nzima inasema roboti ikifikiria chuma na waya. Katika asili yake ni neno la mtumwa wa shamba.

Kicheki kimelifanyia neno hilo jambo ambalo mwanafunzi wa sarufi hawezi kulipita. Lugha hiyo hutenganisha nomino za kiume zenye uhai na zisizo na uhai. Mashine ya jikoni, zikiwa nyingi, huitwa roboty, wingi wa vitu. Viumbe wa Čapek, wanaotembea na kusema na mwishowe kuasi, ni Roboti, wingi wa wenye uhai. Tofauti ni irabu moja ya mwisho.

Sisi nasi tuna maneno yetu ya robota. Kwa Kiingereza boy ni mtoto wa kiume. Lilipoingia kwetu likawa boi, mtumishi wa nyumbani, hata kama ana mvi na wajukuu. Ukilitafsiri neno hilo kwenda na kurudi utaona tafsiri inaweza kuwa sahihi kwenye kamusi na bado ikawa imembeba mtu mzima na kumshusha utotoni. Kuna kuli, mbeba mizigo bandarini. Na kuna manamba, neno ambalo wazee wa Ufipa wanalijua vizuri. Wakati wa Mwingereza wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi ya kukusanya vibarua, iliyojulikana kama SILABU, mwaka 1944, na vijana wa magharibi na kusini mwa nchi, Wafipa wakiwemo, wakasafirishwa kwenda mashambani Tanga na kwingineko. Mtu aliandikwa, akapewa namba, na jina lake likawa hilo hilo, manamba. Nasikia wazee wakilitamka bila uchungu, wengine kwa kicheko. Lakini fikiria safari yenyewe: unatoka kwenu ukiwa mtoto wa fulani, unashuka kwenye lori ukiwa namba.

Hata hivyo maneno hayo yana jambo la kushangaza. Mwezi Septemba 1947 wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukasambaa bara kufuata njia ya reli. Jaribu kuisema habari hiyo kwa Kiswahili huku ukiwadharau. "Makuli wamegoma." Nomino umeichagua wewe, yenye ma- ya mawe na matope. Kitenzi kimekataa. Huwezi kusema makuli yamegoma bila msikilizaji kudhani hujui lugha. Kitenzi kimesema wamegoma, wao, wenye nia, wenye kuamua.

*

Hii ndiyo sehemu ya sarufi yetu ambayo naipenda kuliko zote, na sijui kama tunaitazama vya kutosha. Chukua maneno haya: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Yote yana ki-, kiambishi cha kiti, kisu na kikombe. Wanaharakati wa haki za watu wenye ulemavu wamelisema hilo kwa miaka mingi, na ndiyo maana leo tunasema mtu asiyeona, mtu mwenye ulemavu. Hata sheria ya mwaka 2010 inaitwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Neno mtu limetangulizwa makusudi. Ni mabadiliko mazuri.

Mtu anaweza kupinga kwamba ki- peke yake si tusi. Kiongozi ana ki-. Kijana ana ki-. Kinyozi pia. Ni kweli, na pingamizi hilo linatuelekeza mahali penyewe. Sikiliza sentensi nzima: Kipofu amefika. Viziwi wamekaa mbele. Kiongozi wetu anahutubia. Nomino imekaa na vikombe, lakini mara tu mtu huyo anapofanya jambo, kitenzi kinamtoa kabatini na kumrudisha kwa watu. Mtoto wa miaka minne wa Chala, ambaye nyumbani anasikia Kifipa na mtaani Kiswahili, hafundishwi hilo na mwalimu. Analijua tu.

Ila kuna mlango wa nyuma, na kila mzungumzaji anaujua. Ukitaka unaweza kukilazimisha kitenzi nacho kishuke. Kitoto kile kinalia. Jitu lile linakuja. Wakati mwingine ni mapenzi. Mama humwita mwanawe katoto au kitoto huku akimbusu. Wakati mwingine ni dharau iliyokusudiwa. Sarufi haikulazimishi kusema hivyo. Umechagua mwenyewe.

Pale Chala tulikuwa na jirani, mjane mzee, aliyeishi peke yake nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa na macho mekundu, kama wanawake wengi wa umri wake ambao wamepikia kuni maisha yao yote ndani ya jiko lisilo na dirisha. Mwaka mmoja, wakati wa baridi ya Julai, mtoto wa nyumba ya pili alifariki kwa homa. Muda mfupi baadaye nilisikia vijana wawili wa bodaboda wakizungumza stendi, wakimtaja yule jirani. Mmoja alisema: "Kizee kile kina mambo." Hakumtukana. Hakusema mchawi. Aliongea kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya mafuta.

Nilimweleza mama jioni, nikirudia maneno kama nilivyoyasikia. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua kichwa. "Bibi yule," alisema. "Hapa ndani ni bibi yule."

"Nimesema walivyosema, mama."

"Nimekusikia. Na wewe umenisikia."

Mama hajawahi kusoma isimu. Lakini kati ya kizee kile kina na bibi yule ana kuna kitu alichokiona kabla yangu. Kizee ni neno tu. Hatari ilikuwa kwenye kile na kina, kwenye upatanisho. Vijana wale walikuwa wamefika mahali ambapo sentensi nzima, mwanzo hadi mwisho, haikuwa tena na mtu ndani yake.

*

Hapa kuna pingamizi zito zaidi, nalo silikimbii. Upatanisho wa a- na wa- si wa watu peke yao. Mbwa amelala. Kuku wametaga. Kama a- ndiyo alama ya heshima, basi tumempa kuku heshima ile ile. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika kitabu, Man and Beast, kilichotoka 1974, akilinganisha namna Wanuer, Walele na Wafipa wanavyofikiri kuhusu wanyama ili kujieleza wao wenyewe. Kila jamii ina mpaka wake kati ya mtu na mnyama, na mpaka huo haukai mahali pamoja. Basi sarufi ya Kiswahili imeuweka wapi?

Nadhani imeuweka kwenye maswali. Ukifika zahanati umevimba mguu, mganga atakuuliza: "Umeng'atwa na nini?" Utajibu ni nyoka, au ni mbwa. Akikuuliza "umeng'atwa na nani?" ina maana anadhani ulikuwa kwenye ugomvi. Mbwa anapata a-, lakini hapati nani. Nani ni ya mtu. Kiingereza kina who na what. Kicheki kina kdo na co. Maneno haya mawili hayamo kwenye ukurasa wa watu nilioutaja mwanzo. Utayakuta mbali, kwenye sura ya maswali. Lakini kama ningeombwa nichague neno moja la kila lugha linalomtambulisha mwanadamu, nisingechagua mtu wala person wala člověk. Ningechagua hilo swali.

Kuuliza nani ni kukiri kwamba anayeulizwa ana jina, ana kwao, na anaweza kujibu mwenyewe. Kuuliza nini ni kutafuta chanzo, bei, matumizi. Maswali yote mawili ni mema mahali pake. Ubaya unaingia yanapobadilishana nafasi.

Rudi kwa mtoto aliyefariki. Swali lake la haki lilikuwa nini: ni malaria, ni nimonia, ni maji ya wapi, ni dawa gani ilikosekana. E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha 1937 kuhusu Waazande, alieleza jambo ambalo sisi wa Ufipa hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Ghala likiwaangukia watu waliokaa kivulini chini yake, Waazande walijua vizuri kwamba nguzo zimeliwa na mchwa. Kilichobaki bila jibu ni kwa nini limeanguka saa ile, juu ya watu wale. Uchawi ulijibu hilo. Kwa lugha yetu ningesema uchawi ni kuuliza nani mahali pa nini. Si ujinga, ni huzuni inayotafuta uso wa kuutazama. Homa haina uso.

Lakini angalia kinachofuata. Uso ukishapatikana, ule uso wa bibi mwenye macho mekundu, swali linageuka tena, safari hii upande wake. Hakuna anayemwuliza yeye ni nani. Amekuwa kizee kile, tatizo la kuondolewa. Ugonjwa umepewa nani, na mtu amepewa nini. Kosa la kwanza linasameheka, maana kila aliyefiwa amewahi kulikaribia. Kosa la pili ndilo linalobeba panga.

Na dili ni kosa hilo hilo bila hata huzuni ya kulitanguliza. Huko hakuna aliyefiwa. Kuna nini tupu: viungo, mganga wa kienyeji, mnunuzi anayetaka utajiri au kura. Ndiyo maana wenye ualbino wenyewe walipigania jina. Zeruzeru waliliacha, albino likawa mtu mwenye ualbino, na mwaka 2008 Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa na Rais Kikwete kuwa mbunge, akawa anaitwa Mheshimiwa mbele ya nchi nzima. Wapo waliosema ni mambo ya majina tu. Sidhani. Mtu anayeitwa dili barabarani anajua vizuri kuliko mwanaisimu yeyote tofauti ya jina na jina.

*

Jina la mji wetu mkuu wa mkoa lenyewe limeshika habari hizi. Sumbawanga, wenyeji hueleza, ni sumba wanga: tupa uchawi. Anayetoka nje ya Rukwa hucheka na kutania. Mimi hupenda kulitazama kama sentensi. Linasema tupa uchawi. Halisemi tupa mchawi.

Tofauti hiyo imewahi kufanyiwa kazi. Willis alikuwa Ufipa wakati kundi la Kamchape lilipopita vijijini, akaandika makala kulihusu mwaka 1968. Jina hilo lina ukoo na mchape, vuguvugu lililoanzia upande wa Nyasa miaka ya 1930, kutoka neno la Kinyanja la kufua. Vijana waliingia kijijini, wakawatafuta wenye uchawi, wakawapa dawa, na baada ya dawa mtu alihesabiwa kuwa amesafishwa. Sitaki kuipamba historia hiyo. Mzee kusimamishwa mbele ya kijiji na vijana wa umri wa wajukuu zake ni aibu isiyofutika kwa dawa, na siku hizi majina kama kamchape na lambalamba yanaposikika magharibi mwa nchi, yanasikika pamoja na utapeli na vurugu. Nachotaka kuonyesha ni kidogo. Hata ndani ya imani ile, fikra ilikuwa ya kufua. Nguo inayofuliwa inarudi kuvaliwa. Aliyeshtakiwa alilala usiku ule kijijini kwake.

Hili linanifikisha kwenye ugomvi wa wanafalsafa ambao kwa muda mrefu niliudhani ni wa darasani tu. Mwaka 1984 Mnigeria Ifeanyi Menkiti aliandika kwamba katika fikra za Kiafrika mtu hazaliwi akiwa mtu kamili. Anafikia hadhi hiyo kwa kuishi vizuri katika jamii, na anaweza kushindwa. Mghana Kwame Gyekye akajibu mwaka 1992 kwamba huko ni kuvuka mipaka: mtu ni mtu kwanza, jamii inamkuta hivyo. Kiswahili kinaonekana kuwapa haki wote wawili. Tunasema "yule ni mtu kwelikweli" kumsifu, na "yule si mtu" kumlaani. Ahmad Nassir Juma Bhalo wa Mombasa ana utenzi mzima unaoitwa Utenzi wa Mtu ni Utu. Kwa maana hiyo utu unatafutwa, na asiyeutafuta anaukosa. Wakati huo huo Katiba yetu, katika Ibara ya 12, inasema kila mtu anastahili kuthaminiwa utu wake. Haikuongeza kwamba awe ameufanyia kazi.

Naona tuna maneno mawili yanayovaa nguo moja. Kuna utu wa sifa, na huo kweli unapatikana na kupotea. Na kuna utu wa kuulizwa nani, ambao haupatikani wala haupotei. Hatari ya usemi wetu mtamu, mtu ni utu, ni kuchanganya huu na ule. Nikiamini kwamba mtu anakuwa mtu kwa tabia yake, siku nitakapoamini kwamba tabia ya bibi yule ni uchawi, nitakuwa tayari nimeshamwondoa. Menkiti hakukusudia hivyo hata kidogo. Vijana wa stendi hawajamsoma. Lakini ngazi ipo pale, na mtu anaweza kushukia humo humo alimopandia.

Jaribio gumu la ninachosema ni wauaji wenyewe. Kila habari ya mauaji ya namna hii inapotoka, sisi wasomi, kwa uchungu wa haki, tunaandika: hawa si watu, ni wanyama. Naelewa. Nimetamani kuandika hivyo. Lakini mnyama hashtakiwi. Chui akiua mtoto hatumpeleki mahakamani, tunamwinda. Tunamsomea mtu mashtaka kwa sababu tunaamini alikuwa nani, kwamba alijua, aliamua, na anaweza kujibu. Kumwita muuaji mnyama ni kumpunguzia kosa, na pia ni kuiba kutoka kwake njia ile ile ya kufikiri iliyomwezesha kuua. Hakimu anayesema mshtakiwa amepatikana na hatia amempa a- yake mpaka mwisho, na hapo ndipo adhabu inapopata maana.

Vivyo hivyo kwa aliyekufa. Utasikia maiti amezikwa na utasikia maiti imezikwa, wazungumzaji hawajakubaliana. Magazeti yanapoandika kichanga kimeokotwa, wengine tunasita. Sidai kwamba mwandishi aliyechagua i- au ki- amekosa utu. Nasema kusita kwenyewe kuna thamani. Ni dalili kwamba mtu bado anaangalia ni nani aliye ndani ya sentensi.

Yule jirani yetu hakuuawa. Aliondoka kabla ya mvua za mwaka ule, akafuata mtoto wake Mpanda, akiwa na magodoro mawili na kuku wanne kwenye tenga. Siku ya safari mama alimsindikiza hadi barabarani, akamwamkia shikamoo mbele ya wale wale wa bodaboda, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. Bibi akaitikia marahaba. Sijui kama kulikuwa na aliyebadilika kwa kusikia hivyo.

Nimewahi kuulizwa na wenzangu darasani, kwa utani nusu, kama sarufi inaweza kuokoa mtu. Haiwezi. Kilichokosekana kwa bibi yule ni ulinzi wa serikali ya kijiji, jiko lenye dirisha, na zahanati yenye dawa ya homa ya mtoto wa jirani. Hayo ni ya nini, na yanahitaji fedha na bajeti. Ila kabla ya hayo yote kuna hatua ndogo isiyo na gharama, na lugha zote tatu nilizozitaja zimeiweka mkononi mwetu.

Usiku wa Ufipa ni baridi na watu hufunga milango mapema. Mtu akigonga na kupiga hodi, aliye ndani huuliza: "Nani?" Hajaona chochote. Hajui kama ni mgeni, mwizi, jirani mwenye macho mekundu au mtoto aliyetumwa chumvi. Ameshampa nani kabla ya ushahidi. Na jibu, kama ulivyolisikia maisha yako yote, ni lile lile kwa kila anayegonga: "Mimi." Halina jina ndani yake, wala sifa, wala uthibitisho wa tabia njema. Mara nyingi mlango unafunguliwa.